Pigo la hasira kwa upanga mrefu: mwongozo kamili wa kupiga, kuchoma na kutoka bila kupigwa

Karibu kila anayeanza kujifunza upanga mrefu wa Kijerumani hukwama mahali pamoja. Mwenzake anashusha pigo la kichwa, yeye anajibu kwa pigo la hasira, yaani Zornhau. Panga zinagongana kwa kishindo, ncha yake inaelekea ukutani, na barakoa yake inalia kwa pigo alilodhani amelizuia. Au wote wawili wanapigwa, kisha kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyefanya sawasawa.

Nguvu haina kosa hapa, wala kasi. Makosa ni matatu: mguu unatangulia mkono, jicho linaufuata upanga wa mwenzako badala ya mwili wake, na uamuzi unafanywa kabla panga hazijagusana.

Tunafuata mkondo wa Johannes Liechtenauer, mwalimu wa upanga wa Kijerumani, kama ulivyofafanuliwa na Sigmund Ringeck katika karne ya 15. Mtu akikupiga kutoka juu, nawe piga kutoka bega lako la kulia kwa makali marefu. Akiwa laini kwenye mguso, yaani pale panga zinapogusana, mchome. Akiwa mgumu, fanya jambo lingine. Mbinu yote ni hiyo.

Maelezo yote ni ya watu wawili wanaotumia mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto tutawagusia baadaye.

## Vifaa

Upanga. Unahitajika upanga wa mazoezi wa chuma, aina inayoitwa Feder, mmoja kwa kila mtu. Urefu wote uwe sentimita 125 hadi 135, uzito kilo 1.3 hadi 1.6. Makali yawe butu na ya mviringo, na ncha iwe imekunjwa au kutanuliwa, kisha ivishwe kofia ya mpira au ngozi.

Ubapa wake, yaani chuma chote kutoka mpini hadi ncha, lazima upinde. Simamisha ncha juu ya mizani ya kupimia uzito wa mwili, sukuma mpini chini taratibu hadi ubapa ujikunje, usome namba. Kilo 8 hadi 14 ni sawa kwa kumchoma mtu aliyevaa kinga. Ukizidi 15, upanga huo ni wa kupigia tu, usichome nao.

Ambaye hajapata chuma anaweza kufanya hatua ya 2 hadi ya 5 kwa upanga wa mbao ngumu yenye nyuzi zilizonyooka, au wa nailoni. Asichome, maana mbao haipindi. Nailoni nayo hurukaruka panga zinapogusana, hivyo usiiamini sana katika kufundisha mkono kuhisi.

Panga la shambani halifai hata likisuguliwa hadi liwe butu. Halina chuma cha kukingia mkono, kwa hiyo vidole ndivyo vitakavyopokea pigo la kwanza. Pia halikutengenezwa kugonga chuma kingine. Kipande kikimeguka hujui kitatua wapi.

Barakoa ya wavu wa chuma. Isipungue kiwango cha newton 350. Ya 1600 ni bora. Elewa namba hizo zinapima nini: ni jinsi barakoa inavyostahimili kutobolewa. Hazisemi lolote kuhusu mtikiso wa ubongo. Barakoa ya fensi ya Olimpiki pia inaacha kisogo wazi, kwa hiyo ongeza kifuniko cha nyuma chenye sifongo na ganda gumu.

Kinga ya koo. Iwe ngumu, ivaliwe chini ya kidevu cha barakoa. Skafu au kitambaa kilichokunjwa si mbadala wake.

Glavu. Kwa mazoezi ya polepole, glavu nene za ngozi zenye sifongo zinatosha. Kuanzia hatua ya 8, vaa glavu za ganda gumu zilizotengenezwa kwa ajili ya upanga mrefu. Glavu za hoki zinaacha ncha za vidole na kidole gumba bila ganda, na huko ndiko chuma kinakopenda kufika.

Mwili. Koti la kinga la newton 350 au 800, bamba la kifua, kinga za viwiko, vigasha, magoti na miundi, kinga ya meno, na kikombe cha kukinga kinena kwa wanaume.

Vya karakana. Tairi kuukuu la gari dogo, kamba imara, chaki, utepe wa kubandika sakafuni, tupa ndogo laini, msasa namba 240 na 400, kitambaa cha pamba na mafuta ya cherehani.

Nafasi. Mita 4 kwa 6 kwa jozi moja, na dari isiyopungua mita 3. Upanga ukiwa begani ncha yake hufika karibu mita 2.5. Feni ya darini imeshavunjwa na watu waliosahau hesabu hii.

## Hatua ya 1: Kagua chuma na wavu

Fanya hivi kila siku ya mazoezi, kabla ya kuvaa chochote.

Funga kitambaa cha pamba kwenye vidole, kipitishe taratibu juu ya makali yote mawili kutoka msalaba wa mpini (chuma cha kukingia mkono) hadi ncha. Kitambaa kikinasa, kuna mwiba wa chuma. Panga zikigongana makali kwa makali huacha vimeno, na kimeno kimoja kinachana mkono wa koti kama wembe. Kipunguze kwa tupa, ukisukuma kwa mwelekeo wa makali, kisha malizia kwa msasa 240 na 400. Usijaribu kuondoa shimo lenyewe hadi lipotee. Ondoa ncha kali tu, la sivyo ndani ya miezi michache utakuwa umeula upanga wako mwenyewe.

Angalia ubapa kwa urefu wake, jicho likiwa kwenye mpini. Mpindo mpana wa taratibu unanyooshwa kwa mikono juu ya goti. Mpindo mkali wa mahali pamoja, au ufa hata mwembamba kama unywele karibu na msalaba, maana yake upanga huo umestaafu.

Bonyeza wavu wa barakoa kwa kidole gumba kuzunguka uso wote. Ukibonyea kwa urahisi mahali fulani, barakoa hiyo haiingii tena kwenye chuma.

Umefaulu kitambaa kikiteleza mwanzo hadi mwisho bila kunasa.

## Hatua ya 2: Shika mpini

Mkono wa kulia unakaa chini ya msalaba, umeacha upana wa kidole. Mkono wa kushoto unakaa kwenye kirungu cha mwisho wa mpini au juu yake kidogo. Makali yanayotazama mbele, upande wa vifundo vya vidole, ndiyo makali marefu. Yanayokutazama wewe ni makali mafupi.

Ushike kwa vidole vitatu vya chini kwanza, kidole cha shahada na gumba vikifuata bila kukaza. Ukiushika kama nyundo, ngumi imekaza yote, ncha haitafika mbele: itabaki imesimama juu na utalazimika kuisukuma kwa mabega. Huo ndio mwanzo wa pigo zito lisilofika popote.

Kazi ya mikono imegawanywa. Wa kulia unasukuma mbele, wa kushoto unavuta kirungu kuelekea chini ya kigasha cha kulia. Ni mkono wa kushoto unaoirusha ncha, na wanaoanza karibu wote huuacha ukiwa abiria.

Jaribio: simama, upanga begani, sukuma na vuta bila kusogeza miguu. Ncha inapaswa kuruka mbele hata kama umetumia nguvu ndogo.

## Hatua ya 3: Mkono kwanza, mguu baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo usiharakishe.

Bandika utepe sakafuni, mstari mmoja mnyofu kuelekea alipo mpinzani wa kufikirika. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, upana wa mabega kati yao, magoti yamelegea. Upanga uko bega la kulia, msalaba ukiwa usawa wa mdomo, ncha ikielekea juu na nyuma kidogo.

Sasa piga kwa hesabu tatu.

Moja: mikono inaanza. Ncha inatoka begani na kuja mbele. Miguu bado haijasogea.

Mbili: upanga ukiwa tayari uko kati yako na mpinzani, mwili unaegemea mbele na mguu wa kulia unaondoka.

Tatu: mguu wa kulia unatua mbele, kidogo upande wa kulia wa utepe, wakati ule ule pigo linapofika. Mikono iko mbele ya kifua, imesogea kidogo kushoto, na ncha inatazama uso wa mtu wa urefu wako.

Mguu ukitangulia, umepeleka kichwa ndani ya umbali wa kupigwa huku upanga wako ungali nyuma ya sikio. Mwenzako hahitaji ustadi wowote kukupiga hapo. Anahitaji kunyoosha mikono tu. Mkono ukitangulia, hawezi kukufikia bila kwanza kushughulika na chuma kilicho mbele yake.

Kutua kidogo kulia pia kuna kazi yake. Pigo la mwenzako linashuka kuelekea ulipokuwa, nawe umeshasogea, na upanga wako unakutana na wake kwa pembe iliyo imara zaidi. Sentimita 15 hadi 20 zinatosha. Ukiruka mbali pembeni, ncha yako inatoka kwenye mstari na huna tena cha kumtishia nacho.

Pigo linaishia kwenye ncha inayotisha, halishuki hadi gotini. Kulipitiliza hadi chini ni pigo halali katika mazoezi mengine, lakini hapa linakunyima kuchoma, na kuchoma ndiko tunakokutafuta.

Piga mara 10 kwa hesabu ya taratibu, pumzika, rudia mara 3. Kisha unganisha hesabu ya moja na mbili, mwisho zote tatu. Bega likianza kuuma, punguza mwendo. Ukiongeza nguvu utajifunza kupiga kwa bega, na kulisahaulisha bega baadaye ni kazi ngumu.

Umefaulu mtu akikutazama kwa pembeni anaona upanga ukisogea kabla ya goti. Jirekodi kwa simu ukiwa umesimama ubavu kwa kamera, uangalie picha moja moja. Hisia zako hapa ni shahidi wa uongo.

## Hatua ya 4: Chaki na tairi

Ning'iniza tairi kwa kamba mbili, moja juu na nyingine ikilifunga chini lisizunguke. Katikati yake iwe usawa wa kidevu chako. Paka chaki kwenye makali marefu, theluthi ya mwisho ya ubapa.

Piga kwa robo ya nguvu, kwa hesabu ile ile, usimame ulipofika, uangalie alama.

Mstari mwembamba wa chaki unamaanisha makali yalitangulia. Doa pana lililopakaa linamaanisha upanga ulifika kwa upande wake bapa au uligeuka mkononi. Sababu ya kawaida ni mkono wa kulia uliokaza na kuzungusha kifundo mwishoni. Sababu ya pili ni mkono wa kushoto kuvuta kwenda pembeni badala ya kuvuta chini ya kigasha.

Sikiliza pia. Kiatu kikilia "pu" kabla tairi halijalia "pa", mguu umetangulia. Sauti mbili zikija pamoja, au tairi likitangulia kidogo, uko sawa. Hii inasaidia kuliko kioo, kwa sababu huwezi kuitengeneza sura yako ili sauti ibadilike.

Usipige tairi kwa nguvu zote. Linarudisha pigo, na viwiko vinalipa.

Umefaulu ukipata mistari myembamba 8 katika mapigo 10, sauti zikiwa pamoja.

## Hatua ya 5: Mguso na mwenzako

Vaeni barakoa, kinga za koo na glavu, hata kama mnakwenda kwa mwendo wa kobe.

Pimeni umbali kwanza. Mwenzako anasimama, wewe unanyoosha upanga bila kusogea: ncha inapaswa kubaki kiasi cha hatua moja mbali na kifua chake. Wekeni utepe chini ya miguu yenu yote. Kila zoezi linaanzia hapo, na mkisogea mnarudi kwenye utepe. Jozi nyingi hulalamika kwamba mbinu haifanyi kazi, kumbe zimesogeleana nusu mita bila kujua.

Mwenzako anatoa pigo la juu kutoka bega lake la kulia, kuelekea upande wa kushoto wa kichwa chako. Wewe unajibu kwa pigo la hatua ya 3. Mnasimama panga zinapogusana.

Jukumu la mwenzako hapa ni zito kuliko lako. Lazima akulenge kweli. Pigo lake, kama usipofanya kitu, liguse barakoa yako kwa upole. Akilenga upanga wako kwa huruma, au akisimamisha pigo nusu mita kabla ya kichwa, utajifunza kuzuia kitu kisichokuwepo. Siku utakapokutana na mtu anayelenga, kila kitu kitavunjika. Mwambieni kila mmoja wazi: mwendo uwe wa polepole, shabaha iwe ya kweli.

Jukumu lako ni kumlenga yeye. Usiufuate upanga wake. Piga kana kwamba unataka kufika kichwani pake, na kwa kuwa pigo lake liko njiani, panga zitakutana zenyewe. Ukiulenga upanga, utausukuma kulia au kushoto, na ncha yako itaondoka pamoja nao.

Kisha tazameni bila kusogea:

Ncha yako iko wapi? Iwe mbele ya uso au kifua chake, isizidi upana wa kiganja kutoka kwenye mstari.

Panga zimegusana wapi? Sehemu ya upanga kutoka msalaba hadi katikati ni imara. Kutoka katikati hadi ncha ni dhaifu. Yako iwe katikati au imara zaidi, yake iwe dhaifu. Ikiwa umegusa kwa theluthi yako ya mwisho, ulichelewa kutoka begani au hukusogea mbele vya kutosha.

Ncha yake iko wapi? Iwe imepita nje ya bega lako. Ikiwa bado inakutazama usoni, usiendelee na hatua inayofuata hata kama yako nayo inamtazama. Hapo mmefungana, na atakayesukuma kwanza atachomeka mwenyewe.

Umefaulu mkisimama mara 10 mfululizo na ncha yako ikiwa mbele ya uso wake bila wewe kuirekebisha baada ya mguso. Kurekebisha baada ya mguso ni kudanganya zoezi, na kila mtu hufanya.

## Hatua ya 6: Akiwa laini, choma

Laini maana yake hausukumi upanga wako pembeni. Anaugusa tu, au anauzuia bila nguvu.

Kutoka kwenye mguso, nyoosha mikono mbele na uipandishe kidogo, ukibaki umegusa upanga wake muda wote. Ncha inaingia kifuani. Anza na kifua, si uso, mpaka mkono utulie. Hatua ndogo ya mguu wa kulia inafuata ikihitajika, na hapa tena mikono inatangulia.

Ncha ikigusa, ubapa unatakiwa kupinda kuelekea juu. Legeza mkono wa kushoto kidogo ili kirungu kishuke na ubapa upate nafasi. Ukiuganda mpini huku ukikimbilia mbele, nguvu yote ya mwili inaingia kwenye mbavu za mwenzako, koti au si koti. Ubapa ukipinda kwenda chini, ncha inateleza kuelekea tumboni na kinena. Pandisha mikono zaidi kabla ya kunyoosha.

Usiondoke kwenye upanga wake ili uchome. Mguso ndio ngao yako. Ukiuachia hata kwa kitambo kidogo, pigo lake linaendelea na safari.

Onyo kwa wanaomfuata Joachim Meyer, mwalimu wa upanga wa Strasbourg: kitabu chake cha 1570 hakifundishi kuchoma kwa upanga mrefu kama hivi, kwa kuwa desturi ya Wajerumani wakati huo ilikuwa imeshaondoa uchomaji katika upanga huo. Klabu yenu ikicheza kwa kanuni hizo, fanyeni hatua ya 5 kisha mruke hadi ya 7, sehemu ya kuondoka juu.

Umefaulu mwenzako akiona ubapa ukijikunja kama upinde mbele ya kifua chake, na upanga wake ukiwa bado nje ya bega lako.

## Hatua ya 7: Akiwa mgumu, soma ncha yake

Sasa mwenzako anauona uchomaji na anasukuma. Hapa wengi hushindana naye kwa nguvu, mkono kwa mkono, hadi mwenye kilo nyingi anashinda. Huo ni mweleka, nao una mafundisho yake.

Una majibu mawili. Kinachochagua ni ncha yake, wala si mapenzi yako.

Ncha yake imetoka kwenye mstari. Amesukuma upanga wako kwa nguvu kwenda kulia kwako, na wake umekwenda nao. Ondoka juu: vuta kirungu kidogo ili ncha yako ipande, ipitishe juu ya ncha yake, ishushe upande wa pili kando ya upanga wake hadi kichwani. Kwa kuwa anasukuma kulia, kushoto kwako kumebaki wazi, na nguvu yake inamcheleweshea kurudi. Safari ya ncha iwe fupi. Ukiinua mikono juu ya kichwa kama mtu anayepasua kuni, umempa muda wa kurudi na kukukata vigasha.

Ncha yake bado inakutazama. Amekuwa mgumu, lakini hajakusukuma mbali, amejikaza palepale. Hapa usiondoke kamwe, maana ukiondoka anakuchoma. Zungusha: pandisha mpini juu, mbele ya kichwa, upande wako wa kushoto, ukipeleka sehemu yako imara kwenye sehemu yake dhaifu, huku ncha ikibaki usoni pake. Msalaba wako unaubeba upanga wake nje, nawe unachoma kutoka juu. Mikono ikibaki chini ya kidevu, upanga wake unateleza juu ya msalaba na kufika shavuni, kwa hiyo ipandishe hadi ionekane juu ya jicho la kushoto.

Fanyeni kila jibu peke yake mara 20 kwa mtu, mwenzako akitangaza kwa sauti atakavyosukuma. Msichanganye bado.

Makosa tunayoyaona kila mara ni kuondoka juu wakati mwenzako ni laini. Hakuna nguvu ya kumcheleweshea, ncha yake iko huru, na matokeo ni wote wawili kupigwa vichwani.

## Hatua ya 8: Ondoa uamuzi kichwani, uweke mkononi

Vaeni glavu ngumu. Mwenzako sasa hatangazi. Kila pigo anachagua kimyakimya: laini, kusukuma, au kujikaza. Mwendo uwe nusu ya kasi yenu ya kawaida.

Anzeni na zoezi la macho yaliyofungwa. Mkiwa mmesimama tayari kwenye mguso, wewe unafumba macho chini ya barakoa. Mwenzako anasukuma, analegeza au anajikaza, polepole, bila kupiga. Wewe unajibu kwa mwendo huo huo. Mikono huelewa haraka kuliko unavyotarajia, na utagundua jinsi ulivyokuwa unayategemea macho ambayo kwa umbali huo huchelewa.

Kisha fumbua macho, rudini kwenye utepe, pigo kamili.

Ukijikuta umejibu kabla ya kuhisi, simama kwenye mguso kwa kitambo cha pumzi moja, halafu ujibu. Kitambo hicho punguza siku kwa siku. Wajerumani wa mkondo huu walikuwa na neno lao, Indes, kwa wakati huo wa kuhisi na kutenda kwa pamoja, lakini hakuna anayeufikia kwa kuurukia.

Ongezeni kasi kwa sharti moja: wote wawili mkipigwa mara 2 katika mapigo 10, shukeni kasi.

Umefaulu ukijibu sawa mara 7 kati ya 10 bila kujua kinachokuja.

## Hatua ya 9: Toka

Kumgusa hakumalizi kazi. Mtu aliyechomwa bado ana upanga unaotembea, na kanuni nyingi za mashindano humruhusu arudishe pigo moja papo hapo.

Baada ya kuchoma au kupiga, baki kwenye upanga wake, rudi nyuma hatua mbili huku mikono ikiwa mbele na ncha ikimtazama, mguu wa kulia ukitangulia kurudi. Usishushe upanga kusherehekea. Mpeni mwenzako ruhusa ya kurudisha pigo kila mara ndani ya hatua moja. Akikupata, pigo lako halikuhesabiwa.

Mtu akihisi kizunguzungu, kichefuchefu au mwanga kumuumiza macho baada ya pigo la kichwa, mazoezi yake ya siku hiyo yamekwisha. Asirudi hata akisema yuko sawa, na aende kuonwa na daktari.

## Mwenzako akitumia mkono wa kushoto

Pigo lake linatoka upande mwingine, panga zinakutana upande wa kulia wa upanga wako, na pembe uliyoizoea haipo. Suluhisho la kuanzia ni kutua mguu kidogo kushoto badala ya kulia, na katika kuzungusha kupandisha mpini upande wa kulia wa kichwa. Jaribuni kwanza hatua ya 5 tu, mwendo wa kobe, kabla ya kuendelea. Vidole vya mkono wa kulia viko hatarini zaidi hapa.

## Kabla ya kuurudisha upanga

Chuma cha Feder ni cha springi, si kile kisichoshika kutu. Jasho la kiganja pekee huacha madoa ndani ya usiku mmoja, na kwa anayekaa Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat, hewa ya bahari inamaliza iliyobaki.

Futa upanga wote kwa kitambaa kikavu, hasa pembe ya ndani ambapo ubapa unaingia kwenye msalaba. Jasho hujificha pale. Paka mafuta ya cherehani matone machache, yasambaze hadi chuma king'ae bila kudondosha. Ngozi ya mpini usiipake mafuta hayo, italainika na kuanza kuteleza.

Usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi wala mfuko wa plastiki uliofungwa, vyote hushika unyevu. Uning'inize mahali penye hewa. Doa dogo la kutu linatoka kwa msasa 400 na mafuta, kwa kusugua kufuata urefu wa ubapa. Glavu na kinga ya koo zitoe kwenye begi usiku huo huo, uzianike kivulini.